UZI: Kidato cha sita Mwanza na Kanda ya Ziwa, chagueni kozi kwanza, chuo kifuate

Mwanakanda

Wakuu, kila mwezi wa saba matokeo yakitoka swali ni lile lile: "Chuo gani kizuri?" Mmoja anasema SAUT (Mtakatifu Augustino, hapa Mwanza), mwingine UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), wa tatu anakwambia nenda Dodoma. Naomba mwaka huu tuligeuze. Hakuna anayedahiliwa na chuo kwa jumla. Unadahiliwa kwenye kozi moja yenye msimbo wake, sifa zake, idadi yake ya nafasi na miaka yake. Ndani ya geti moja unaweza kukuta kozi yenye walimu wa kutosha na maabara ya uhakika, na jirani yake kozi inayobebwa na walimu wa kuazima.

Kazi ya kwanza: pakua Mwongozo wa Udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu kutoka tovuti ya tume yenyewe, usitumie faili lililozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Inatoka miongozo miwili, mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada. Hakikisha umeshika ule unaokuhusu. Wa mwaka jana haufai, kwa sababu sifa hubadilika na kozi nyingine huondolewa.

Ukishaupata, usisome majina ya vyuo. Soma mstari wa kozi. Kila mstari una msimbo, jina la kozi, sifa za kuingia, pointi za chini ambazo chuo chenyewe kimeweka, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Vyote hivyo vina maana yake.

Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni 0.5. Sifa ya jumla ya kitaifa kwa shahada ni prinsipo mbili (masomo mawili yenye alama A hadi E) zenye jumla isiyopungua 4.0, na hizo mbili ziwe kwenye masomo yanayotajwa na kozi husika. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoangusha wengi. D na D inatosha, C na E inatosha, D na E haitoshi kwa sababu ni 3. S haihesabiki kama prinsipo. Mtu mwenye HGL aliyepata C ya Historia, E ya Jiografia na E ya Kiingereza ana jumla ya 5, lakini kozi ikitaja Jiografia na Kiingereza pekee, kwenye kozi hiyo ana 2. Hana sifa, hata kama cheti chake kinaonekana kizuri.

Halafu angalia safu ya nafasi. Kozi yenye nafasi 50 na kozi yenye nafasi 500 zinaweza kuandikwa pointi zile zile za chini, lakini ushindani wake ni tofauti kabisa. Pointi za chini ni tiketi ya kuingia kwenye foleni. Kinachokupa kiti ni waliokutangulia kwenye foleni hiyo.

Karibuni, walio kwenye udahili na wazazi mjazie.

Mzazi wa Igoma

Asante mkuu. Kijana wangu amesoma PCB. Fizikia E, Kemia D, Baiolojia C. Jumla 6. Yeye ameshika udaktari na anataka Bugando kwa sababu ni hapa hapa. Watu wananiambia 6 inatosha. Kweli?

Karani wa Udahili

Mzazi, shikamoo. Kwa udaktari wa binadamu hapana, na tatizo haliko kwenye jumla. Kozi hiyo inataka prinsipo zote tatu na Fizikia isiyopungua D. E yake inamtoa nje kabla hata pointi hazijahesabiwa. Akijaza hiyo kama chaguo la kwanza, mfumo utampita na kushuka kwenye chaguo la pili, na kama ameomba chuo hicho kimoja tu na machaguo yake yote ni ya namna hiyo, atakosa awamu nzima.

Mkalishe muipitie miongozo kwa peni nyekundu. Zipo kozi za afya zinazovumilia E ya Fizikia, ila nyingi za hizo zinadai Kemia ya juu kuliko D aliyonayo. Kozi zinazosimama kwenye Kemia na Baiolojia ndizo zake: ualimu wa sayansi, na kozi kadhaa za kilimo, mifugo na chakula pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo). Baiolojia C na Kemia D inampa 5 kwenye kozi za aina hiyo.

Na kama udaktari ndio moyo wake kweli, kuna barabara ya stashahada. Utabibu ni miaka 3 kwenye vyuo vya kati vya afya, vilivyo chini ya NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi). Pale wanaangalia kidato cha nne: ufaulu wa angalau D nne, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na masomo ya dini hayahesabiwi kwenye hizo nne. Akimaliza na GPA (wastani wa matokeo) isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada kwa mwongozo ule wa pili. Ila mzazi, toa cheti chake cha kidato cha nne leo hii ukiangalie, kwa sababu wakati wa kuomba udaktari kwa njia ya stashahada kidato cha nne kinarudi mezani, na Hisabati na Kiingereza navyo vinaulizwa. Kuna watoto wamemaliza utabibu vizuri kabisa wakakwama kwa F ya Hisabati ya miaka saba nyuma. Hiyo F inarekebishika mapema kwa kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mzazi wa Igoma

Marahaba. Hisabati ana D. Nimekuelewa, nitakaa naye.

Jiwe la Bismarck

Naunga mkono hoja ya kozi kwanza, ila Mwanakanda umeruka jambo la hela, na kwa familia nyingi za huku hela ndiyo inayoamua mtoto amalize au aishie mwaka wa pili.

Ada ni sehemu moja tu. Andika karatasi yenye mistari hii: ada, michango ya chuo (usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, mitihani, bima ya afya), malazi, chakula, nauli ya kila siku, nauli ya kwenda na kurudi nyumbani, vifaa vya kozi, mafunzo ya vitendo. Chuo kinachotangaza ada ndogo kinaweza kuwa na michango mirefu, kwa hiyo omba fomu ya maelekezo ya kujiunga ya mwaka uliopita na ujumlishe mwenyewe mpaka mwisho wa ukurasa.

Kwa mtoto wa Mwanza, kusoma Mwanza kunaondoa malazi kwenye hesabu, lakini si bure. Anayekaa Kisesa akisoma Malimbe, iliko SAUT, anaunganisha magari, na hapo ni nauli nne kwa siku badala ya mbili, na saa nyingi barabarani. Wengi wanaanza wakitokea nyumbani, muhula wa pili wanahamia geto Malimbe au Sweya, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Hesabu hiyo ipigwe kabla. Anayekaa Mkuyuni, Butimba au Nyegezi hali yake ni nyingine kabisa, anaweza kwenda hata kwa mguu akikwama.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: kozi zikiwa sawa kwa ubora, ya karibu ndiyo ya kuchukua. Zikiwa si sawa, usimfunge mtoto Mwanza kwa ajili ya nauli.

Mwanakanda

Nakubali kabisa, na niongeze orodha ya vilivyopo, maana wengi wanadhani Mwanza ni SAUT na Bugando tu. SAUT ipo Malimbe. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya, CUHAS, kipo kilimani Bugando pamoja na hospitali ya rufaa ya kanda. IFM, CBE, TIA (vyuo vya fedha, biashara na uhasibu) na DIT (cha teknolojia) wana kampasi hapa. Chuo cha Mipango kina kituo cha Kanda ya Ziwa. Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa. Vya kati kuna FETA Nyegezi kwa uvuvi, Chuo cha Kilimo Ukiriguru kule Misungwi, Chuo cha Ualimu Butimba, na VETA.

Tahadhari moja kuhusu kampasi: kozi ya Dar na kozi ya Mwanza ya chuo kile kile zina mistari tofauti na misimbo tofauti. Wakati wa kuomba, mfumo unakuletea orodha ndefu yenye majina yanayofanana, na mtoto anabonyeza ya kwanza anayoiona. Matokeo yake anaitwa kampasi ya mkoa mwingine akiwa ameshapanga kukaa kwa shangazi yake Nyakato. Linganisha msimbo ulio kwenye mwongozo na ulio kwenye skrini, herufi kwa herufi, kabla ya kutuma. Na kampasi si lazima iwe na kozi zote za makao makuu.

Binti Sengerema

Samahani wakuu, swali. Mdogo wangu yuko JKT kwa mujibu wa sheria na simu hana. Dirisha likifunguliwa tunafanyaje? Na ameniachia namba ya shule, hajaniachia kingine.

Karani wa Udahili

Dada, hili linawapata wengi. Ukiwa na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na cha sita unaweza kufungua maombi. Zikae kamili, yaani namba ya kituo, namba ya mtahiniwa na mwaka. Usikisie, chukua kwenye vyeti au kwenye orodha ya matokeo ya NECTA.

Kubwa ni namba ya simu na barua pepe. Weka laini iliyo hewani ambayo wewe au mzazi mnaishika, na barua pepe ambayo neno lake la siri mnalijua. Usiweke namba ya mwanafunzi iliyozimwa kambini, na msimwachie kijana wa stationari aweke barua pepe yake. Sababu ni hii: akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, TCU inamtumia namba maalumu ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, na inakuja kwa ujumbe wa simu au barua pepe iliyojazwa kwenye maombi. Muda wa kuthibitisha ni mfupi. Asipothibitisha, viti vyote alivyopata vinaachiwa wengine na anaanza upya awamu inayofuata kwenye kozi zilizobaki. Ujumbe ukichelewa, ingia kwenye akaunti ya maombi ya chuo mnachotaka kuthibitisha, mna sehemu ya kuomba namba hiyo itumwe tena.

Tumia majina yale yale yaliyo kwenye cheti cha NECTA, kwa mpangilio ule ule.

Na kwa kuwa yupo kambini tayari, mkipata nafasi ya kuongea naye, mwandike machaguo kwenye karatasi akubali mwenyewe. Ndugu wanachagua kozi kwa mtu asiyekuwepo, anatoka JKT anakuta amepelekwa ualimu wakati alitaka uhasibu.

Kijana wa EGM

Machaguo yapangweje? Nimeona mfumo mmoja unaruhusu kozi kadhaa.

Mwanakanda

Omba vyuo zaidi ya kimoja, maana kila chuo kinapokea maombi kwa mfumo wake. Ada ya maombi ni ndogo ukilinganisha na kupoteza mwaka. Ndani ya kila chuo, chaguo la kwanza liwe lile unalolitaka hasa na una sifa zake, hata kama ushindani ni mkali. La pili liwe kozi ambayo pointi zako zimezidi za chini kwa kiasi cha kuonekana. La mwisho liwe kozi yenye nafasi nyingi ambayo ungekubali kuisoma miaka yote. Hapo kwenye "ungekubali" uwe mkweli. Ukijaza kozi usiyoitaka kwa kuogopa kukosa, utaipata hiyo hiyo.

Kwa EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) angalia Hisabati. Kozi nyingi za biashara, uchumi na takwimu zinataka Hisabati ya Juu, na kwa asiye nayo zinataka angalau S ya BAM (ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita) au alama fulani ya Hisabati kidato cha nne. Wa HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) wanakwama sana hapo. Uhandisi unataka Fizikia na Hisabati ya Juu, kwa hiyo EGM na PCB wote hawana mlango wa moja kwa moja.

Jiwe la Bismarck

Mkopo sasa, maana bila huo nusu ya uzi huu haina kazi.

Bodi ya Mikopo inapokea maombi kwa mfumo wake wa mtandaoni na ada ya maombi ni shilingi 30,000. Usisubiri uchaguliwe chuo ndipo uombe, madirisha yanaenda sambamba. Akaunti inafunguliwa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, na namba hiyo iwe ile ile uliyotumia kuomba chuo. Aliyefanya kidato cha nne mara mbili aziandike zote mbili. Ukitumia moja kwenye chuo na nyingine Bodi, mifumo haikutambui kama mtu mmoja, jina lako linatoka chuoni halafu mkopo hauonekani.

Vyeti ndivyo vinavyochelewesha. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Uhakiki unachukua siku kadhaa, na ukikutwa una kasoro inabidi uanze kurekebisha. Kwa hiyo mtoto akiwa kidato cha sita muhula wa kwanza, cheti kiwe tayari. Kasoro iliyozoeleka: cheti cha kuzaliwa kinasema Masanja Juma, cha NECTA kinasema Juma Masanja Bundala. Hiyo inahitaji marekebisho au kiapo cha kisheria, na si kazi ya siku moja. Kaya iliyo TASAF (mpango wa kaya maskini) iweke namba yake ya mnufaika.

Fomu ikishajazwa inachapishwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji kwa mhuri, na kamishna wa viapo au hakimu, kisha kurasa zilizosainiwa zinapakiwa tena kwenye mfumo. Watu wanasahau kurudi kupakia. Wamesaini kila mahali, wameweka fomu kabatini. Au picha ya ukurasa imepigwa gizani mhuri hausomeki.

Kuhusu kiasi: chakula na malazi kiwango ni shilingi 10,000 kwa siku, na kinakuja kwa awamu. Siku 60 ni 600,000, na hiyo ndiyo kodi, chakula, nauli na vocha. Kwa mwaka wa kwanza boom (hiyo hela ya kujikimu) huwa halifiki siku ya kuripoti, kwa hiyo mzazi amtoe na hela ya wiki za mwanzo. Ada inaweza kulipwa sehemu tu, na kinachobaki ni cha familia. Kwenye chuo binafsi chenye ada kubwa hicho kinachobaki ndicho kinachowarudisha watu nyumbani, kwa hiyo mpango wako ufanye kazi hata ukipata pungufu. Wale wa sayansi waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa waangalie pia Samia Skolashipu, ule ni ufadhili, haurudishwi.

Mzazi wa Igoma

Na hivi vyuo vya afya vya binafsi vinavyobandika matangazo kila nguzo ya umeme Buzuruga na Mabatini, mzazi anajuaje kipi cha kweli?

Muuguzi Mkuu

Mzazi, hapa niruhusu niseme kwa kirefu kidogo.

Kwanza usajili. Chuo cha kati kiwe na usajili wa NACTVET na jina lake liwe kwenye mwongozo wa NACTVET wa mwaka huu, pamoja na ile kozi yenyewe. Kuna vyuo vimesajiliwa kwa uuguzi, lakini tangazo linataja maabara na famasi pia. Usajili wa chuo haumaanishi usajili wa kila kozi. Mwongozo huo unaonyesha pia nafasi na ada, kwa hiyo ukitajiwa ofisini ada tofauti uliza kwa nini. Na ofisa udahili akikwambia "kozi iko kwenye mchakato wa kusajiliwa", mtoto wako asiwe sehemu ya mchakato huo. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo vikuu 19 kudahili mwaka wa kwanza, kwa hiyo hata majina makubwa yanaguswa.

Pili, hospitali. Swali la kwanza ukifika chuo chochote cha afya: wanafunzi wanafanya mazoezi wapi, na wako wangapi kwa wodi moja kwa zamu? CUHAS wako ndani ya Bugando. Chuo kisicho na hospitali yake lazima kiwe na makubaliano ya maandishi na hospitali fulani, tuseme Sekou Toure au hospitali ya wilaya, na kikuonyeshe. Wodi ya wazazi yenye wanafunzi wa vyuo vinne wakisubiri mama mmoja ajifungue, mwanafunzi anamaliza hajawahi kupokea mtoto kwa mikono yake idadi inayotakiwa. Kitabu chake cha mazoezi kinabaki na nafasi tupu, na hapo ndipo wengine wanashawishika kujaza uongo. Kwa taaluma hii huo ni uhai wa mtu.

Tatu, chumba cha mazoezi. Omba kukiona. Kiwe na mwanasesere wa kuzalishia, wa kufufua mgonjwa, mkono wa kuchomea sindano, vitanda, mashine ya kutakasia vifaa. Vikiwa bado kwenye nailoni zake, havitumiki.

Nne, baraza la taaluma. Uuguzi una Baraza la Uuguzi na Ukunga, famasi ina Baraza la Famasi, madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika. Bila usajili na leseni ya baraza, cheti hakikupi haki ya kumgusa mgonjwa. Uliza chuo, wahitimu wake wa mwaka uliopita wamefanya mtihani wa baraza wangapi na wamefaulu wangapi. Chuo kinachojiamini kinajibu hapo hapo.

Karani wa Udahili

Nakazia hoja ya mabaraza kwa kozi nyingine. Mhandisi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mhasibu anafanya mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu), mnunuzi na mgavi ana PSPTB (bodi ya ununuzi na ugavi). Anayesoma sheria akitaka kuwa wakili atapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) baada ya shahada, kwa hiyo hesabu ya miaka na hela isiishie kwenye mahafali. Udaktari ni miaka 5 na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Familia ijue hivyo mapema.

Mwaloni

Naomba niwatetee wanaosoma uvuvi, maana humu wanasahaulika na ziwa liko mlangoni.

FETA Nyegezi wanafundisha uvuvi na ufugaji wa samaki kwa astashahada na stashahada, na ziwa liko hapo hapo. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI kipo Mwanza pia. Ajira ya eneo hili ipo kwenye vizimba vya kufugia samaki ziwani, viwanda vya minofu ya sangara, ukaguzi wa ubora na uzalishaji wa vifaranga vya sato. Mwenye vizimba anatafuta mtu anayejua kupima oksijeni ya maji alfajiri, kukadiria uzito wa samaki kwa sampuli na kupanga chakula cha siku kwa asilimia ya uzito huo. Akizidisha chakula, kinaoza chini ya kizimba na oksijeni inashuka. Akipunguza, samaki wanadumaa. Hiyo ni kazi ya mtu wa stashahada kabisa.

Mwanafunzi aliyepata pointi za kubahatisha shahada asione haya kuanza hapo. Akipata GPA 3.0 au zaidi anaendelea na shahada, SUA na UDSM wanafundisha fani hiyo. Ataomba namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET kwanza, bila hiyo maombi ya shahada hayaendi. Aiombe mara matokeo yake yanapothibitishwa, asisubiri siku ya mwisho ya dirisha.

Kijana wa EGM

Na mwenye pointi 3.0 kabisa, yaani D na E, hana la kufanya zaidi ya kurudia?

Mwanakanda

Anaweza kurudia, anaweza kwenda stashahada, na kuna njia ya tatu ambayo haitangazwi sana: programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ile foundesheni. Anayeruhusiwa ni mwenye angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, au mwenye stashahada ya GPA 2.0. Akimaliza kwa GPA 3.0 anapata sifa ya kuomba shahada. Kuna makundi matatu, sanaa, sayansi na biashara, na lazima upate angalau C kwenye masomo matatu ya kundi lako. Ukichagua kundi la sanaa usitegemee kuingia kozi ya sayansi. Inataka nidhamu ya kujisomea, maana hakuna wa kukugongea mlango.

Binti Sengerema

Kuna walioniambia nimpeleke Uganda, Kampala ni karibu kuliko Dar.

Karani wa Udahili

Inawezekana, ila kabla ya kulipa chochote omba TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi. TCU wanaangalia kama chuo na kozi vinatambulika na kama mtoto ana sifa ambazo zingemwingiza kwenye kozi hiyo hapa nchini. Anayeenda huko kukwepa sifa za hapa atarudi na shahada ambayo haitambuliwi. Na mkopo wa Bodi usiuweke kwenye hesabu hiyo.

Jiwe la Bismarck

Kwa mnaoishi karibu, nendeni chuoni siku ya kazi, saa nne asubuhi, msiende siku ya maonyesho. Simameni kwenye ubao wa matangazo wa kitivo. Mtaona ratiba za vipindi, orodha za sapu (mitihani ya marudio), matangazo ya vipindi vilivyoahirishwa. Kozi moja yenye orodha ya sapu ya kurasa tano inakuambia jambo kuhusu ufundishaji. Tafuteni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kozi ile ile na mumuulize: mlianza wangapi na mko wangapi, wangapi wamedisko (wameondolewa kwa kufeli), matokeo yanatoka baada ya muda gani, walimu wangapi ni wa kudumu, nafasi ya mafunzo ya vitendo chuo kinakutafutia au unajitafutia, na waliomaliza mwaka jana wamepata transkripti (hati ya matokeo yote) lini. La mwisho ni zito. Kuna watu wanakosa usaili wa kazi kwa sababu transkripti haijatoka.

Mzazi wa Igoma

Tumekaa na kijana jioni hii tukiwa na mwongozo. Ameona mwenyewe kuhusu ile E. Anapima kati ya ualimu wa Kemia na Baiolojia, na utabibu. Akianza ualimu akabadili mawazo, anaweza kuhama?

Karani wa Udahili

Kuhama kupo, mzazi, lakini ni ndani ya dirisha fupi la mwaka wa kwanza, na kwa masharti: awe na sifa za kozi anayohamia kwa mwaka huo huo wa udahili, nafasi iwepo, na vyuo vyote viwili vikubali kabla TCU haijapitisha. Kwa E ya Fizikia hawezi kuingia udaktari kwa kuhama. Kutoka shahada ya ualimu kwenda utabibu si uhamisho, ni maombi mapya NACTVET, na vyuo vya afya vina mfumo wao wa pamoja wa udahili wenye tarehe zake. Akikosa tarehe hizo mwaka huu, anasubiri mwakani.

Kwa hiyo maombi yote mawili yaende sasa, kila moja kwenye mfumo wake, kwa namba zile zile za mtihani na laini ya simu uliyoishika wewe. Majibu yakija ndipo muamue, na mkopo auombe leo leo bila kusubiri uamuzi huo.